Mchawi Ni Nani? Dini ya Wika, Ubulosi wa Wanyakyusa na Amri ya Nane

Miaka michache iliyopita nilialikwa kufundisha semina ya vijana kule Matema, pale ambapo milima ya Livingstone inashuka hadi ziwani. Somo langu lilikuwa Amri Kumi. Tulipofika kipindi cha maswali, binti mmoja aliyekuwa likizo kutoka chuo kikuu alisimama na simu mkononi akasema, "Shikamoo Mchungaji. Nimesoma kwamba Uingereza na Marekani kuna dini ya wachawi. Wana sherehe zao, wana makuhani wao, na serikali inawatambua. Wanajiita wachawi wenyewe, hawaoni aibu. Sasa sisi huku mchawi tunamfukuza, na mwingine anauawa. Nani amekosea, wao au sisi?"

Vijana wakacheka, kisha wakanyamaza. Wote tulijua kwamba juma lile lile, katika kijiji kisicho mbali na pale, mama mmoja mjane alikuwa amehama usiku baada ya watu kuitupia mawe nyumba yake.

Nilimjibu binti yule kwa kifupi, na jibu langu halikuniridhisha. Nilisema kwamba Biblia inakataza uchawi, tukaendelea na kipindi. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa. Ni jibu refu, kwa sababu neno hili moja, "mchawi", limebeba mambo matatu tofauti, na kuyachanganya kumegharimu damu, Ulaya na huku kwetu Kyela.

Dini ya Wika

Tuanze na hiyo dini ya kwenye simu. Inaitwa Wicca, nami nitaiandika Wika, ingawa haihusiani na jogoo kuwika. Ni neno la Kiingereza cha zamani sana, na maana yake ilikuwa mchawi wa kiume.

Aliyeitangaza dini hii ni Mwingereza Gerald Gardner. Alizaliwa mwaka 1884 karibu na Liverpool, akatumia sehemu kubwa ya maisha yake Asia, katika Ceylon, Borneo na Malaya, akisimamia mashamba na baadaye akiwa ofisa wa forodha. Alipenda mambo ya kale, na mwaka 1936 alitoa kitabu juu ya visu vya Wamalay. Mwaka huo huo alistaafu akarudi kwao. Alidai kwamba mwaka 1939, kusini mwa Uingereza, alikutana na kundi la watu waliokuwa wakitunza dini ya kale iliyokuwapo kabla ya Ukristo, nao wakamwingiza katika siri zao.

Wakati ule sheria ya uchawi ya Uingereza ya mwaka 1735 ilikuwa bado ipo. Sheria hiyo haikuwaadhibu watu kwa kuwa wachawi. Iliwaadhibu wanaojidai kuwa na nguvu hizo na kuwadanganya wenzao. Ilifutwa mwaka 1951. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1954, Gardner alitoa kitabu chake cha kuieleza dini hiyo waziwazi. Mwanamke mmoja, Doreen Valiente, aliyeingizwa katika kundi lake mwaka 1953, alimsaidia kuandika upya maneno mengi ya ibada. Gardner alifariki mwaka 1964 akiwa safarini baharini, akazikwa Tunis. Wakati huo dini yake ilikwisha kuvuka bahari hadi Marekani.

Wanaamini nini? Wengi wao huabudu mungu wa kike, anayefananishwa na mwezi na dunia, pamoja na mungu wa kiume mwenye pembe, anayefananishwa na jua, msitu na wanyama. Wengine huona hao wawili kama sura mbili za nguvu moja. Wana sherehe nane katika mwaka, zinazofuata mzunguko wa jua na majira ya Ulaya: kati ya majira ya baridi, mwanzo wa machipuko, kati ya kiangazi, mavuno, na ile ya mwisho wa Oktoba wanapowakumbuka wafu. Pia hukutana mwezi unapokuwa mpevu.

Katika ibada huchora duara, huziita pande nne za dunia, huwasha mishumaa, na hutumia kisu cha ibada, kikombe na nyota ya ncha tano iliyo ndani ya duara. Gardner alifundisha waabudu wakiwa uchi, lakini wengi leo huvaa majoho au nguo za kawaida. Makundi yao ni madogo, kwa desturi hayazidi watu kumi na watatu, na katika mapokeo ya Gardner mtu huingizwa kwa hatua tatu. Wapo pia wengi wanaofuata peke yao nyumbani kwa kusoma vitabu.

Wanafanya uchawi? Ndiyo, wao wenyewe hutumia neno hilo. Wanaamini kwamba nia ya mwanadamu, ikisaidiwa na maneno, ishara na nguvu za maumbile, inaweza kubadili mambo: kuponya, kulinda, kuleta bahati. Lakini wana kanuni kwamba mtu yuko huru kufanya atakalo ilimradi asimdhuru yeyote, na wengi husadiki kwamba baya utendalo litakurudia mara tatu. Hawamwabudu Shetani; husema Shetani ni wa mafundisho ya Kikristo, wala hawamwamini.

Ni wachache. Katika sensa ya mwaka 2021 watu wapatao 13,000 wa Uingereza na Wales waliandika kwamba dini yao ni Wika. Huko Marekani, mwaka 1986 mahakama ya rufaa ya shirikisho ilikubali kwamba Wika ni dini mbele ya sheria, na tangu mwaka 2007 nyota yao inaruhusiwa kuwekwa kwenye makaburi ya askari. Kwa hiyo binti yule alisoma sawasawa.

Madai yasiyosimama

Gardner alidai kwamba dini yake ilikuwa ya kale, na kwamba wachawi waliochomwa moto Ulaya walikuwa waumini wake waliokuwa wakijificha. Wazo hilo alilipata kwa msomi aitwaye Margaret Murray, ambaye mwaka 1921 alitoa kitabu akidai kwamba nyuma ya kesi za wachawi ilikuwapo dini moja ya siri. Wanahistoria walipozichunguza upya hati za mahakama waliona kwamba dai hilo halisimami. Mwaka 1999 Ronald Hutton, profesa wa historia wa Bristol, alionyesha kwa urefu jinsi Wika ilivyoundwa katika karne ya ishirini kutokana na vitabu, vyama vya siri na mapenzi ya Waingereza kwa mambo ya kale. Leo wafuasi wengi wa Wika wanakubali hivyo.

Jambo hili si dogo. Kama waliouawa hawakuwa waumini wa dini ya siri, basi walikuwa nani?

Walikuwa majirani. Kati ya karne ya 15 na ya 18 watu wapatao 40,000 hadi 60,000 waliuawa Ulaya kwa kesi za uchawi. Takribani robo tatu yao walikuwa wanawake. Wengi walikuwa wamebatizwa, walishiriki Meza ya Bwana, na walikufa wakiliita jina la Yesu. Maziwa ya ng'ombe yalikauka, mvua ya mawe ikaharibu zabibu, mtoto akafa ghafla, na mtu akakumbuka kwamba bibi fulani alipita mlangoni akinung'unika. Bibi akakamatwa, akateswa mpaka akakiri, kisha akaamriwa awataje wenzake. Akawataja, kwa maana hakuna mwili unaoweza kuyavumilia yale.

Sisi Walutheri hatuwezi kusema kwamba hayo yalikuwa ya wengine. Mwaka 1526 Martin Luther alihubiri juu ya Kutoka 22:18, akakubali kwamba wachawi wauawe. Mwaka 1540 watu wanne walichomwa moto Wittenberg, mji aliokuwa akiishi na kufundisha yeye, wakishitakiwa kwa uchawi na kutia sumu malishoni. Mmoja alikuwa mwanamke mwenye umri wa miaka hamsini, pamoja na mwanawe. Lucas Cranach Mdogo, wa ukoo ule wa wachoraji waliotuachia sura ya Luther, alichora picha ya miili yao ikiwa mitini. Nilipoiona picha hiyo mara ya kwanza katika maktaba ya chuo cha teolojia niliifunga haraka. Nilikuwa nimezoea picha za Luther zinazotundikwa ofisini.

Lakini walikuwapo pia waliosema hapana. Mwaka 1631 padre Mjesuiti Friedrich Spee alitoa kitabu bila kuweka jina lake, akaeleza kwamba mateso yanaweza kumfanya mtu yeyote kuwa mchawi, hata hakimu mwenyewe. Mwaka 1635 mwanateolojia wa Kilutheri, Johann Matthäus Meyfart, mtunzi wa wimbo mashuhuri juu ya Yerusalemu ya juu, aliwaonya wakuu na wachungaji kwamba siku ya hukumu wataulizwa habari za damu hiyo. Mwaka 1701 Mlutheri mwingine, mwanasheria Christian Thomasius wa Halle, alionyesha kwamba kosa lenyewe haliwezi kuthibitishwa mahakamani. Pole pole moto ukazimika. Hata hivyo mwaka 1782, huko Glarus, Uswisi, mtumishi wa ndani aitwaye Anna Göldi alikatwa kichwa kwa sababu mtoto wa tajiri wake aliugua.

Watu hao watatu hawakuwa wamekoma kumwamini Mungu au kuamini kwamba Shetani yupo. Waliuliza swali moja tu: unajuaje kwamba ni huyu?

Pwani yetu kabla ya Injili

Sasa turudi nyumbani. Watu wengi, hata wasomi, hudhani kwamba dini ya babu zetu ilikuwa uchawi tu. Si kweli, na historia ya pwani hii inaonyesha wazi.

Wazee wetu walikuwa na mahali pa ibada. Palikuwa na msitu wa Lubaga katika nchi ya Selya, mahali pa Lwembe. Palikuwa na mahali pa Kyungu kule Ngonde, ng'ambo ya Songwe, Malawi ya leo. Na palikuwa na pango la Kyala, kando ya ziwa, upande wa Ikombe, ambalo wenyeji bado wanalijua. Hao watatu katika masimulizi walihesabiwa kuwa wa ukoo mmoja, walioshuka kutoka milima ya Ukinga. Kwao watu waliomba mvua, mavuno na uzazi. Lwembe alikuwa mtu aliye hai, aliyewekwa kwa ajili ya nchi nzima, na cheo chake kiliogopwa: alipougua sana hakuachwa afe kifo cha kawaida, kwa kuwa waliamini nguvu ya nchi ingeondoka pamoja na pumzi yake. Ndiyo maana watu walikimbia kuchaguliwa.

Hiyo ilikuwa dini, yenye makuhani, sala na sadaka. Mwaka 1891 Wamoravian walifika Rungwe, na mwaka huo huo Alexander Merensky na wenzake wa Misheni ya Berlin wakafika nao. Waligawana nchi, Wamoravian upande wa magharibi na Waberlin mashariki, na kwa hiyo sisi wa Matema, Ikombe, Manow na Mwakaleli tukawa Walutheri, na jirani zetu wa Ipyana wakawa Wamoravian. Wamisionari walipotafuta jina la kumwita Mungu kwa Kinyakyusa walichagua jina Kyala. Walilichukua jina lililokuwa katika vinywa vya wenyeji wakalijaza habari njema. Paulo alifanya vivyo hivyo Athene, kama tunavyosoma katika Matendo 17. Mpaka leo bibi akiomba kwa lugha ya mama anasema Kyala, na hakuna anayefikiri habari za pango.

Ubulosi lilikuwa jambo jingine kabisa. Godfrey Wilson na mkewe Monica walifanya utafiti kwa Wanyakyusa kati ya mwaka 1934 na 1938, na mengi ya hayo Monica aliyaandika baadaye. Kitabu chake juu ya vijiji vya marika kilitoka mwaka 1951, mwaka ule ule ambao Uingereza ilifuta sheria yake ya uchawi. Aliandika aliyoelezwa na wazee: kwamba umulosi ana chatu tumboni, kwamba usiku huruka na kula matumbo ya watu au kunyonya maziwa ya ng'ombe wa wengine. Kinachomsukuma ni njaa, tamaa ya nyama na maziwa ya jirani. Kwa hiyo mwenye kuchinja alitakiwa kuwagawia wenzake, asije akaamsha chatu wa mtu.

Walikuwapo pia abamanga, walinzi wa kijiji, ambao waliaminiwa kuwaona abalosi katika ndoto na kupigana nao usiku. Na kulikuwa na jambo lililoitwa embepo sya bandu, pumzi ya watu: mtu akiwadharau wazazi au akivunja desturi, manung'uniko ya majirani yenyewe yaliaminiwa kumletea baridi ya homa. Tazameni jinsi mambo haya yalivyokaribiana. Nguvu ile ile iliyomla mtu ndiyo iliyomlinda, na tofauti ilikuwa katika haki na kipimo. Kijiji kililindwa na hofu, na hofu hiyo iliwafundisha watu ukarimu na heshima. Hilo tukubali. Lakini hofu hiyo hiyo, ilipomgeukia mtu mmoja, haikuwa na huruma. Mshitakiwa alinyweshwa umwafi, dawa ya sumu. Akitapika alihesabiwa safi, asipotapika alikuwa na hatia. Wengine walifukuzwa wakaanze maisha katika kijiji kingine. Serikali za kikoloni zilipiga marufuku umwafi, na mwaka 1928 Waingereza wakatunga sheria ya uchawi ambayo Tanzania imeirithi. Kikombe kiliondolewa. Hofu ilibaki.

Yeye asemaye "mimi" na yeye asemaye "yule"

Sasa ninaweza kumjibu binti wa Matema.

Kuna mambo matatu. La kwanza ni dini yenye ibada, kama ile ya Lubaga na pango la Kyala. La pili ni Wika, dini mpya ya Ulaya iliyolichukua jina la mchawi kwa hiari. La tatu ni shutuma: kumwonyesha jirani kidole na kusema amemla mtoto wangu.

Mfuasi wa Wika husema "mimi ni mchawi". Amechagua. Unaweza kuzungumza naye, ukamuuliza anaamini nini, ukamshuhudia Kristo, akakubali au akakataa. Huku kwetu, katika miaka yangu yote ya uchungaji, sijakutana na mtu aliyekuja kwangu bila kulazimishwa akasema "mimi ni mlozi, nilikula moyo wa fulani". Kila mara ni "yule". Yule mjane. Yule mwenye macho mekundu ya moshi wa jikoni. Yule ambaye kakao yake imezaa kuliko ya wenzake. Yule anayekaa peke yake baada ya wanawe kwenda Mbeya na Dar es Salaam.

Waliouawa Wittenberg na Glarus hawafanani na Gardner. Wanafanana na mjane wetu. Gardner alikosea alipowahesabu kuwa waumini wake, na sisi tunakosea tunapomhesabu mjane wetu kuwa wa jamii moja na Gardner. Katika makosa yote mawili aliyeshitakiwa haulizwi yeye mwenyewe ni nani.

Juu ya Wika, basi, jibu la Mkristo si gumu. Kumbukumbu la Torati 18 linakataza kupiga ramli na kutafuta nguvu kwa njia za siri, na Amri ya Kwanza inamtaka Mungu mmoja pekee. Mwezi na ardhi ni viumbe, vizuri mno, lakini havituombei wala havikutufia msalabani. Kijana wetu akivutwa na mishumaa na duara kwenye simu yake, asitukanwe. Aulizwe anatafuta nini. Mara nyingi anatafuta ibada inayogusa udongo, mvua na mwili wa mwanadamu, na huenda sisi tumemfanya aamini kwamba Ukristo ni matangazo na michango tu. Tumwonyeshe Sikukuu ya Mavuno, tumwonyeshe maji ya Ubatizo, mkate na divai. Vilevile tusimsingizie mfuasi wa Wika kwamba anamwabudu Shetani, kwa kuwa kusema uongo juu ya mtu wa dini nyingine ni uongo tu.

Jambo la tatu ndilo gumu, na hapo nina deni la kulipa.

Nilichokifanya mimi

Nilipokuwa mchungaji mpya, katika usharika mmoja wa tambarare hii, mtoto wa miaka minne alifariki kwa homa wakati wa mvua za masika. Siku mbili kabla, bibi mmoja jirani alimpa ndizi mbivu. Familia ilinialika kuombea nyumba. Nilikwenda pamoja na wazee wa kanisa. Watu walijaa hadi uani, na bibi yule alikuwa amekaa chini ya mwembe upande wa pili wa njia, kwa maana alikuja kwenye msiba kama jirani yeyote.

Niliomba kwa sauti kuu. Niliomba Mungu aivunje kila nguvu ya giza iliyo karibu na nyumba ile, na kila mkono uliotumwa juu ya mtoto yule. Sikumtaja mtu. Nilijiona nimehubiri vizuri, na watu waliitikia amina kwa nguvu. Kisha nikaona vichwa vikigeuka, kimoja kimoja, kuelekea kwenye mwembe.

Usiku ule paa la nyumba yake lilipigwa mawe. Kulipopambazuka alikwenda kwa kaka yake, safari ya siku nzima, na hakurudi. Alikuwa mshirika wetu tangu utoto, alibatizwa na kupokea kipaimara katika kanisa lile lile. Baada ya miaka michache nilisikia kwamba amefariki. Sikumzika mimi. Hakuna aliyenilaumu, wala mkuu wangu, wala wazee, kwa kuwa mbele ya watu nilikuwa nimeomba tu.

Mtoto yule alikuwa na malaria. Karatasi ya zahanati ilikuwapo mezani nilipokuwa nikiomba, nami niliiona.

Nimefundisha Katekisimu Ndogo ya Luther kwa watoto wengi wa kipaimara. Katika Amri ya Pili Luther anatufundisha tusilitumie jina la Mungu kwa laana, uchawi au uongo. Siku ile nililitumia jina la Mungu kumtia jirani hatiani, na sioni neno jingine la kuliita tendo hilo ila uchawi. Ikiwa uchawi ni kutumia maneno ya siri kumdhuru mtu asiye na kosa, basi mlozi aliyekuwa uani siku ile alikuwa amevaa kola ya mchungaji.

Katika Amri ya Nane Luther anaongeza jambo ambalo tunalipita haraka: haitoshi kutomshuhudia jirani uongo, tunapaswa kumtetea, kumsema vema na kuyapokea mambo yake kwa upande ulio mwema. Luther yule aliyeandika hayo ndiye aliyehubiri wachawi wauawe. Aliandika vizuri kuliko alivyotenda. Meyfart, miaka mia baadaye, aliisikia Katekisimu kuliko mwandishi wake alivyoisikia. Nasi tunaweza.

Kwa hiyo katika usharika wangu wa sasa tumekubaliana mambo machache na baraza la wazee. Kwenye msiba hatuombi maombi ya kuvunja nguvu zilizo jirani. Tunamwombea marehemu, wafiwa na jirani zao wote kwa majina, na wale wanaonong'onwa tunawataja kwanza, kwa heshima. Mtu akisema "amelogwa", mzee wa kanisa anamuuliza kama amempeleka zahanati. Anayekwenda kwa wapiga ramli chonganishi anaonywa na mchungaji kabla ya kurudi mezani pa Bwana, kwa kuwa ramli hiyo imeua watu wengi katika nchi hii kuliko simba. Na jumuiya inapopangiwa nyumba za kusalia, nyumba ya mjane anayeogopwa inawekwa ya kwanza. Tunakwenda, tunakula alichopika, na watoto wetu wanakula ndizi zake.

Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote. Mara ya kwanza tulipofanya hivyo mama mmoja alimshika mwanawe mkono asile. Mke wangu akachukua ndizi, akaimenya, akampa mtoto wetu. Mwenye nyumba alimtazama mtoto akitafuna, kisha akasema kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo", asante sana, akaenda nje kidogo akijifuta macho kwa kanga.

Binti wa Matema, uliuliza nani amekosea, wao au sisi. Wao wanaabudu kisichoweza kuokoa, na tutawashuhudia hivyo bila kuwasingizia. Sisi tumejua jina la Mungu aokoaye, na tumelitumia kuwapiga mawe jirani zetu. Aliyejua mapenzi ya bwana wake asiyatende, Bwana Yesu alisema kwamba atapigwa sana. Kwa hiyo ni sisi, mwanangu, tutakaoulizwa kwanza. Bibi yule aliyekuwa chini ya mwembe, ambaye sikumzika, atakuwapo siku hiyo, na mimi naomba nipewe neema ya kumwomba msamaha.